Kilicho Laini Hakishiki: Funzo la Jino la Kupandikizwa

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa zaidi ya miaka 20 nimewafundisha vijana matamshi bora. Kila mwaka hufika kipindi kile ninapoandika ubaoni f na v, kisha th na dh, nikawaeleza wanafunzi kwamba sauti mbili za kwanza hutokea mdomo wa chini unapogusana na meno ya juu, na mbili za pili hutokea ncha ya ulimi inapowekwa kati ya meno. Nilidhani somo hilo nimelihitimu. Waama, sikulielewa hata chembe mpaka siku moja ya mvua nilipoteleza kwenye ngazi, nikaanguka kifudifudi, na jino langu moja la mbele la juu likavunjika toka mzizini.

Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya wanafunzi nikajaribu kutamka "thawabu" na "fedheha". Upepo ulipenya penye pengo ukatoa mluzi, na darasa zima likaangua kicheko. Fedheha nilikuwa nayo, ila kuitamka sikuweza. Ndipo nilipoazimia kutafuta tiba, na katika kuitafuta nikajifunza jambo ambalo nimeona si vyema nilifungie moyoni. Jambo lenyewe, msomaji mpendwa, ni dogo kuliko punje ya vumbi. Lakini ndani yake mna fizikia, kemia na baiolojia, na huenda mna hekima ya malezi pia. Ni kwamba mfupa, unapopona, hupenda kushikana na kitu chenye mkwaruzo kuliko kitu laini.

Daktari wa meno niliyemwendea alinieleza njia tatu. Ya kwanza ni jino bandia la kuvaa na kuvua. Ya pili ni daraja, ambalo aghalabu huhitaji meno mawili ya jirani yachongwe ili yalibebe jino la katikati. Ya tatu ni kipandikizi, yaani skrubu ndogo ya metali inayotiwa ndani ya mfupa wa utaya mahali pa mzizi uliopotea, kisha juu yake likawekwa taji lenye sura ya jino. Nikaichagua ya tatu, ingawa ilinilazimu kuvunja kibubu.

Alinionyesha skrubu mbili za mfano. Moja iling'aa kama sindano mpya. Ya pili ilikuwa imefifia, rangi yake kijivu cha majivu, utadhani ilisahaulika nje msimu mzima. Sikusita, nikaonyesha kidole ile iliyong'aa.

"Mwalimu," akaniambia huku akitabasamu, "hiyo uliyochagua ni ya kale. Mfupa wako utaipenda zaidi hii uliyoidharau."

Nilimwomba anieleze, naye, Mungu ambariki, akanieleza kwa Kiswahili sanifu. Nitajaribu kuyasimulia aliyonifunza, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye kwa udadisi wangu.

Hadithi ya jino hili haikuanzia kinywani. Ilianzia mguuni mwa sungura. Mnamo mwaka 1952, katika mji wa Lund nchini Uswidi, mtafiti aitwaye Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu inavyozunguka ndani ya mfupa ulio hai. Alitengeneza vijumba vidogo vya metali iitwayo titaniamu, akavipachika katika mifupa ya miguu ya sungura ili aweze kutazama ndani kwa hadubini. Alipomaliza uchunguzi alitaka kuving'oa avitumie tena, navyo vikakataa kata kata. Mfupa ulikuwa umevikumbatia kana kwamba ni sehemu ya mwili wenyewe. Mwingine angekasirika kwa kupoteza vifaa vya thamani. Brånemark alijiuliza ni kwa nini, na swali hilo ndilo lililozaa tiba nzima.

Mwaka 1965, mjini Gothenburg, alimtia vipandikizi mtu wa kwanza, bwana aliyezaliwa na kasoro za utaya. Bwana huyo aliishi navyo hadi alipofariki mwaka 2006, yaani zaidi ya miaka 40. Hata hivyo wataalamu wengi walishikilia kwamba mwili hauwezi kukubali metali ndani ya mfupa, na ilichukua muda mrefu, hadi mkutano uliofanyika Toronto, Kanada, mwaka 1982, kabla ya madaktari wa Amerika ya Kaskazini kuanza kulikubali jambo hili kwa wingi.

Siri ya kwanza ni titaniamu yenyewe. Metali hii ikikutana na hewa, papo hapo hujivika utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. Na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Utando huo ndio unaoukabili mwili, nao hauozi wala haumwagi sumu. Oksidi hiyo ya titaniamu ndiyo pia inayotumiwa kutengeneza rangi nyeupe ya kupakia kuta. Wanafunzi wa Pwani wataikumbuka habari hii kwa njia nyingine: mchanga wa Kwale una madini ya ilmenaiti na rutaili, ambayo titaniamu hutolewa ndani yake. Mchanga huo ulianza kusafirishwa ng'ambo mwaka 2014, mpaka uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Ulituondokea ukiwa mchanga. Sisemi kwamba skrubu iliyo kinywani mwangu ilitoka Kwale. Sehemu kubwa ya madini hayo duniani huishia kuwa rangi, na ni kidogo tu kinachogeuzwa metali. Ninachosema ni kwamba tofauti baina ya mchanga na jino ni elimu.

Siri ya pili, ambayo ndiyo kiini cha makala haya, ni uso wa skrubu. Vipandikizi vya Brånemark vilikerezwa kwa mashine, na uso wake ulikuwa laini kwa mguso, ila vimistari vidogo vilivyoachwa na kisu. Vilishika, lakini taratibu. Desturi ilikuwa mgonjwa asubiri miezi 3 kwa utaya wa chini, na 6 kwa utaya wa juu ambao mfupa wake una uwazi mwingi zaidi, kabla ya kuwekewa meno ya kutafunia. Swali likawa: je, mfupa ungeshika upesi na kwa nguvu zaidi iwapo uso huo ungekuwa na mkwaruzo?

Fundi mwashi yeyote angeweza kulijibu swali hilo. Nguzo ya zege ikitoka laini katika mbao zake, fundi hachukui mwiko akaanza kuipiga plasta. Kwanza huchukua tindo na nyundo, akaichokoachokoa mpaka ijae vishimo. Asipofanya hivyo, plasta itakauka, itapasuka na kubambatuka yote kwa siku moja. Wazee wetu wa Lamu na Mombasa walijenga kwa mawe ya matumbawe, ambayo kwa maumbile yake yana matundu mengi. Chokaa ikapenya humo ikashika, na baadhi ya kuta hizo zimesimama kwa karne kadhaa.

Wanasayansi nao walichukua tindo zao. Wapo waliopulizia chembe za titaniamu iliyoyeyuka. Wapo waliopiga skrubu kwa mchanga mkali wa oksidi ya alumini, wenye chembe za robo hadi nusu milimita, kisha wakaichovya katika mchanganyiko wa asidi ya hidrokloriki na asidi ya sulfuriki, hata uso ukabaki na mabonde makubwa yaliyotokana na mchanga, na ndani ya mabonde hayo vishimo vidogo vilivyochimbwa na asidi. Mwaka 1991 Daniel Buser na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha nyuso mbalimbali katika mifupa ya nguruwe wadogo. Katika vipandikizi vilivyosuguliwa vikawa laini, mfupa uligusana na asilimia 20 hadi 25 ya uso wa metali. Katika vile vilivyopigwa mchanga mkali na kuchovywa katika asidi, mfupa uligusana na asilimia 50 hadi 60. Metali ni ile ile, mnyama ni yule yule. Kilichobadilika ni uso tu.

Lakini ni mkwaruzo wa kiasi gani unaofaa? Hapa tunahitaji kipimo. Mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Watafiti wa Gothenburg, Ann Wennerberg na Tomas Albrektsson, walizigawa nyuso kwa kupima wastani wa vilima na mabonde yake. Chini ya nusu mikromita ni uso laini. Kati ya nusu na 1 ni mkwaruzo hafifu. Kati ya 1 na 2 ni mkwaruzo wa wastani, na zaidi ya 2 ni mkwaruzo mkali. Walichokigundua kinastahili kuandikwa ubaoni: mfupa hupendelea ule wa wastani. Ukiongeza ukali kupita hapo, faida haiongezeki, na huenda ikapungua. Kadiri, ndugu zangu, ni mwalimu mkuu hata katika mfupa.

Sasa tuingie ndani ya kidonda tuone kinachotendeka. Skrubu ikishatiwa, kitu cha kwanza kuigusa ni damu. Damu huganda, na ndani yake husukwa nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui. Nyuzi hizo ndizo njia ambazo seli wajenzi wa mfupa huzipita kuja mahali pa kazi. Seli hizo zinapotembea huzivuta nyuzi, kama watu wanaopita juu ya daraja la kamba. Ikiwa ncha za kamba zimefungwa kwenye uso laini, huteleza na kukatika, na wajenzi hubaki ng'ambo. Basi mfupa huanza kujengwa kutoka kwenye ukingo wa tundu na kuisogelea metali polepole. Ikiwa uso una vishimo, nyuzi hushika. Wajenzi hufika mpaka kwenye metali yenyewe na kuanza kujenga pale pale, huku mfupa wa ukingoni nao ukiwajia. Mtafiti John Davies wa Toronto ndiye aliyezieleza kwa ufasaha njia hizi mbili za ujenzi, ule wa mbali na ule wa kugusana.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba mwili wenyewe ulikuwa ukiijua hila hii tangu awali. Mfupa wetu huvunjwa na kujengwa upya maisha yetu yote. Seli za kubomoa hula mfupa mkuukuu na kuacha vishimo vidogo, na wajenzi wanaofuata hulijaza tabaka la kwanza ndani ya vishimo hivyo, likashikana navyo kama vidole vya mikono miwili. Uso wenye mkwaruzo hauudanganyi mfupa. Unauonyesha mahali panapofanana na pale ilikozoea kufanyia kazi.

Hadi hapo, msomaji, huenda unadhani kwamba mwalimu huyu aliyeelezwa yote haya alitoka hospitalini akiwa na busara. La hasha! Skrubu ya kijivu ilitiwa, nikawekewa jino la muda la kuficha pengo, na nikaonywa nisilitumie kung'atia kitu chochote. Juma la kwanza nilitii. La pili nilitii kwa shida. Juma la tatu, nilipokuwa nikitoka shuleni, nilipita penye mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara. Nilijigusa jino, lilikuwa imara kama msumari. Nikajiambia kwamba uso wenye mkwaruzo umekwisha kushika. Nikanunua hindi moja, nikaling'ata kama kijana wa Kidato cha Kwanza.

Sikujua kwamba nimechagua wakati mbaya kuliko wote. Siku skrubu inapotiwa, huwa imara kwa sababu imebanwa na mfupa wa zamani. Lakini mfupa ule uliobanwa huumia, na seli za kubomoa huja kuuondoa ili mpya ujengwe. Hivyo basi, kati ya juma la pili na la nne hivi, ubano wa zamani umepungua na mfupa mpya ungali mchanga kama zege bichi. Kwa nje jino laonekana imara. Kwa ndani ujenzi ungali nusu. Skrubu ikitikisika wakati huo kupita kiasi, na wataalamu hutaja kikomo cha kati ya mikromita 50 na 150, wajenzi wa mfupa hushindwa kufanya kazi, na mahali pao hujaa nyama ya nyuzinyuzi isiyo na nguvu. Unene wa unywele mmoja ndio uliokuwa tofauti baina ya kupona na kutopona kwangu!

Baada ya majuma machache jino likaanza kucheza. Daktari alilitazama, akanitazama, na kabla hajauliza nikaungama habari za mahindi. Hakunikemea. Alisema tu, "Mwalimu, mkwaruzo huuharakisha mfupa. Haumfundishi mtu subira." Skrubu ikatolewa, tundu likasafishwa, nikakaa miezi 4 na pengo langu mfupa upate kujijaza. Kisha nikalipa tena, nikatiwa ya pili. Safari hii nilisubiri miezi 3 kamili, nikila uji na ugali laini kwa upande, na mahindi ya kuchoma nikayapita nikiwa nimeziba pua.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao si haki kuuacha. Kile ambacho mfupa hukipenda, bakteria nao hukipenda. Kinywani, ukoga hushika kwa wepesi zaidi penye mkwaruzo, na utafiti ulionyesha kwamba uso wa sehemu inayopita kwenye ufizi ukizidi mikromita 0.2, ukoga huongezeka. Kwa sababu hiyo sehemu inayotokeza kwenye ufizi husuguliwa ikawa laini, na mkwaruzo huachwa kule chini mfupani. Mtu asipopiga mswaki ipasavyo, ufizi ukavimba na mfupa ukaliwa hata uso wenye mkwaruzo ukatokeza, bakteria hupata maskani humo, na kuusafisha huwa kazi ngumu sana. Tena tusisahau kwamba yule bwana wa mwaka 1965 aliishi miaka 40 na vipandikizi vya uso wa kale. Mkwaruzo hufaa hasa katika majuma ya mwanzo, na mahali ambapo mfupa ni hafifu. Hauondoi wajibu wa mwenye jino.

Kwa hivyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa kila atakayeketi katika kiti kile. Kabla hujafumbua kinywa ili kutiwa skrubu, kifumbue kwanza uulize. Uso wa kipandikizi hiki ni wa namna gani? Nitasubiri muda gani, na kwa nini? Nani atakikagua mwaka ujao na mwaka utakaofuata? Tena uombe kadi yenye jina na kipimo cha kipandikizi chako, kwa maana siku taji likivunjika, daktari mwingine hataweza kukusaidia bila kujua ni skrubu gani iliyo mfupani mwako. Daktari mwema hachukizwi na maswali hayo.

La pili ni kwetu sisi walimu. Tumezoea kumsifu mwanafunzi laini: anayenyamaza, anayekubali kila neno, anayekariri na kurudisha kama alivyopewa. Yule mwenye maswali ya kukwaruza tunamwona mkorofi. Lakini elimu nayo huhitaji mahali pa kushika. Mwanafunzi aliyesuguliwa mpaka akang'aa, mtihani ukipita, aliyofunzwa hubambatuka kama plasta juu ya zege laini. Sitetei utovu wa adabu. Nimekwisha kusema kwamba hata mkwaruzo una kipimo chake na mahali pake, na penye ufizi ulaini hutakiwa. Ninachotetea ni swali, na muda wa kutosha wa kulijibu. Brånemark angewaona wale sungura kama hasara, tusingekuwa na tiba hii.

Enyi wanafunzi, nanyi nawaambia: somo la kemia mnalolikimbia ndilo lililoichovya skrubu yangu katika asidi, na somo la baiolojia ndilo linaloeleza kwa nini hindi moja lilinigharimu karibu mwaka mzima.

Muhula uliopita nilifika tena katika kile kipindi cha matamshi. Niliandika ubaoni th na dh, nikageuka, nikatamka "thawabu" na "fedheha" bila mluzi. Hakuna aliyecheka. Mvulana mmoja aliyeketi nyuma, ambaye zamani ningemwita mkorofi, akainua mkono akauliza, "Mwalimu, jino lako limeshikwa na nini?"

Nikaiweka chaki mezani, nikaanza kumweleza tangu kwa sungura.